Meli ya Kwenda na Kurudi

Medina hakuwa mwanamke wa kukaa, na mji mzima wa Koboko ulilijua hilo. Kuna watu huzaliwa na ulimi, wengine na mikono. Yeye alizaliwa na miguu. Leo ungemkuta barazani akisuka tabaga, zile sinia za ukindu za rangi ambazo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula. Kesho yuko juu ya lori la Arua, tabaga zimefungwa kamba, anabishana na utingo. Keshokutwa amesikia kwamba Logiri kuna ufuta mzuri, na hapo tena usimtafute. Mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Haboba, yaani bibi, alikuwa akisema mjukuu wake Hawah alijifunza kutembea kwa kumkimbiza mama yake.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenzangu, mfungie ndani miezi minne na siku kumi uone kazi.

Mumewe, Umaru, alifariki mwezi wa tatu mwaka wa 1979. Kifua ndicho kilichomwondoa. Alikuwa askari mstaafu, mtu mpole mwenye maneno machache, ila siku alipokuwa akikata roho alimshika Medina mkono akampa neno moja tu. Alimwomba mara hii amkalie. Maisha yao yote, alisema, mmoja akirudi mwingine ameondoka. Basi akae eda kamili, alale ndani ya nyumba hii kila usiku mpaka iishe. Medina akaapa, na Haboba na shemeji yake Tahiru wakisikia.

Huyo Tahiru ni mdogo wake Umaru, fundi cherehani pale sokoni, mtu mwenye mdomo. Hata matanga hayajaondoka, alikwisha kuwaambia watu barazani kwamba shemeji yake atamaliza eda siku kuku watakapoota meno. Medina aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya pazia, amevaa nguo nyeupe. Alijiambia atamaliza, na Tahiru atakuja mwenyewe kumpa mkono.

Basi akakaa. Akasuka mpaka ukindu ukaisha. Alikifahamu kila kipande cha bati la paa lake. Na humo ndani, badala ya kumlilia marehemu, akawa anamkasirikia. Ndiyo, anamkasirikia. Mtu amekufa, naye anakaa kitandani anagombana naye kimoyomoyo juu ya meli.

Habari ya meli ilikuwa hivi. Mwaka wa 1953 Umaru alikuwa miongoni mwa askari waliochaguliwa kwenda Uingereza kupiga gwaride Malkia alipotawazwa. Gwaride lilipokwisha, wakubwa wao wakawachukua siku moja wakawapandisha meli ya kutembelea pwani. Si meli ya mizigo, wala ya vita. Ilikuwa na magurudumu mawili makubwa ya mapanga, moja kila ubavu, yamefunikwa na visanduku vilivyochorwa kama kipepeo cha mkono, na yakizunguka maji yanachemka. Juu bendi inapiga, wazee wanakunywa chai, watoto wanakimbizana. Katikati kuna mahali unasimama ukaiona injini yenyewe chini, vyuma vyake vinapanda na kushuka, vinang'aa kwa mafuta. Umaru alisimama hapo mpaka sajini wake akamfuata.

Mara ya kwanza alipomsimulia mkewe, wakiwa bado wanakaa Arua, Medina alimwuliza watu wale walikwenda kununua nini huko pwani.

Hawakununua kitu, alisema Umaru.

Msibani, basi?

Wala.

Walikuwa wanahama?

Umaru akacheka. Hata mzigo hawakuwa nao, alisema, ila kikapu cha chakula cha mchana. Waliondoka asubuhi, wakatazama pwani inapita, wakashuka mahali wakala vitu vitamu, wakapanda tena, na jioni meli ikawarudisha palepale ilipowachukua. Kila kiangazi hivyo hivyo, tangu enzi za babu zao. Watu wa viwandani walikuwa wakiisubiri siku yao moja ya mapumziko ili wakapande. Zamani kampuni zilikuwa nyingi, na manahodha wakishindana nani atafika gatini mbele, mpaka moshi unafunika mji.

"Kwenda na kurudi tu?" aliuliza Medina.

"Kwenda na kurudi tu."

Jambo hilo lilimwingia Medina mahali ambapo mumewe hakujua kama pako. Kwani watu wao Wanubi, toka babu walipotoka Sudani nyuma ya bunduki za wenye serikali, walikuwa wakienda bila kurudi. Ukifunga godoro, umefunga. Hakuwahi kusikia watu wakisafiri kwa hiari yao, mikono mitupu, na jioni wakakuta chungu chao kipo pale pale kwenye mafiga. Akamwambia Umaru kwamba na yeye anaitaka safari hiyo. Kulikuwa na meli yetu ya gurudumu kwenye Nile siku zile, ikitoka Pakwach ikipita Rhino Camp mpaka Nimule. Amchukue, wapande asubuhi, washuke, warudi. Umaru akasema mwaka ujao. Mwaka ujao ukawa na wenzake wengi, reli ikafika Pakwach, na meli ikafungwa kando ikala kutu. Medina hakumsamehe. Alikuwa hata akimchokoza mbele za wageni: huyu bwana wangu ametembea kwa Malkia, mimi ananiambia kesho.

Kulikuwa na kipande kimoja cha hadithi ambacho Umaru alikisema kwa sauti ya chini. Fundi wa injini, mzee wa Kizungu, alimwonyesha sahani ya shaba iliyopigwa misumari ukutani. Akamweleza kwamba wakati wa vita meli hizo za matembezi zilipakwa rangi ya kijivu, zikavushwa bahari kwenda kuwachukua askari waliokuwa wamekwama ufukweni, adui yuko nyuma yao. Bendi haikuwapo, wala chai. Askari walisimama majini mpaka kifuani wakivutwa mmoja mmoja. Meli hii, alisema fundi, ilikwenda tupu ikarudi imejaa, ikageuka ikaenda tena.

Medina alimwuliza kama siku hiyo nayo ilirudi jioni.

"Siku hiyo hawakuangalia jua," alisema Umaru. "Ilirudi imejaa."

Tuyaache hayo. Serikali ya Kampala ilianguka mwezi wa nne, na vita vikaanza kupanda kaskazini kidogo kidogo. Kwanza yalipita magari yenye mafriji juu. Kisha yakapita magari yenye watu juu ya mafriji. Hawah, ambaye ameolewa Arua, akaja na watoto wake wawili akisema kule maduka yamefungwa na watu wanalala na viatu. Alisema kabisa mbele ya mama yake kwamba Wanubi ndio watakaotafutwa kwanza, kwa kuwa serikali iliyoanguka ilihesabiwa yao, mwenye kosa na asiye na kosa. Mji ukashikwa na wasiwasi ambao hauna mahali pa kuushika: mtu anatoka nyumbani, anafika kona, anasahau alikuwa anakwenda wapi, anarudi.

Léontine ndiye aliyekuja na shauri. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mkatoliki kutoka Kongo, rafiki yake Medina wa siku nyingi kwa ajili ya vitenge na samaki wakavu. Kwao serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu, hivyo akivuka kuja huku alikuwa Léontine, akirudi anavaa jina la bibi yake. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi kwa njia ya mashamba ya Ludara: unateremka bondeni, unavuka kijito, unapanda kilima, umefika. Alisema chumba kipo, waje wote.

"Mutu hapana kaa kungojea risasi," alimwambia Medina.

Hawah na watoto wakaenda. Tahiru naye akaja na pikapu ya kukodi kumchukua Haboba na shemeji yake kuwapeleka Kaya, upande wa Sudani. Medina akakataa kutoka. Tahiru, ambaye wiki chache nyuma alikuwa anamcheka kwamba hatakaa, sasa akamfokea kwa sababu amekaa. Wakaitana vichwa vigumu, kila mmoja akisema kweli. Mwisho wakamwendea shehe.

Shehe alisema mjane mwenye dharura anaweza kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwa mumewe. Alisema na jambo la pili, kwamba penye hatari ya roho eda yenyewe huhama na mtu wake. Lakini Medina alipolisikia la kwanza alikwisha inuka; la pili lilibaki na Tahiru mlangoni.

Kesho yake, alfajiri ilipopambazuka vizuri, Medina alifunga mlango, akafunga ufunguo kwenye ncha ya nguo yake nyeupe, akachukua kikapu chenye kisra mbili, ile mikate myembamba ya Kinubi, na chupa ya chai, akashika njia ya Ludara. Hakubeba kitu kingine. Waliokuwa wakihama na magodoro walimtazama wakadhani amechanganyikiwa. Akavuka kijito, akapanda kilima, akashinda kwa Léontine pamoja na Hawah na wajukuu. Jua lilipoanza kuinama akaaga, akarudi, akafungua mlango wake, akalala kitandani kwake. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Tahiru aliahirisha safari ya Kaya siku hata siku akitumaini kwamba atachoka. Hachoki mtu yule.

Nikwambie ukweli ambao yeye mwenyewe alimwambia Hawah baadaye, huku anaona aibu: alifurahi. Vita vinakuja, mumewe yuko kaburini, naye anateremka bonde asubuhi na kikapu chake moyo ukimruka. Mashamba ya muhogo yanampita upande huu na upande huu. Alifika mahali akawa anajikuta akitabasamu peke yake. Hii ndiyo, alijisemea, hii ndiyo waliyokuwa wakiipanda wale wa meli. Na hasira yake kwa Umaru ikapungua, maana ilikuwa kama vile wamekwenda pamoja.

Hawah hakuiona furaha hiyo. Yeye aliona mama anayeutembelea mtego. Kila jioni alimsindikiza mpaka ukingo wa kilima akimsihi abaki. Kila jioni mama yake alimwonyesha ufunguo na kusema anakwenda kulala kwake, ameapa, na Tahiru anahesabu.

Siku ya mwisho ya safari hizo mvua ilikuwa imenyesha sana, kijito kimejaa. Mchana ukasikika mlio wa mizinga upande wa Arua, mzito, wa mbali, halafu si wa mbali. Muda si muda kilima kikaanza kumwaga watu. Walikuja na mbuzi, na sufuria, na mashine ya kusagia nyama. Mwingine amebeba mlango. Waliofika walisema Koboko inamalizika, anayetoka atoke leo. Léontine akasimama kizingitini akauziba mlango kwa mwili wake. Medina akamwambia kwa upole asogee.

"Mama, leo ukienda hurudi," alisema Hawah.

"Mimi nakwenda kwangu. Yule mtu aliniomba jambo moja tu."

Akaenda, akiwa peke yake anayeteremka pale wote wanapopanda. Watu walimgonga mabega, wakamwuliza kama haoni. Alipofika ukingo wa mwisho juu ya bonde aliuona mji: mabati, mnara wa msikiti, na nyuma yake mwembe mdogo alioupanda Umaru uani. Jua lilikuwa bado juu. Angefika bila haraka.

Kijitoni aliwakuta Tahiru na Haboba, wako ukingo wa upande wa mji. Pikapu yao ilikuwa imenyang'anywa na wenye bunduki njiani, hata Kaya hawakuiona, wakakata kwa miguu kuelekea Kongo. Tahiru alikuwa na cherehani kichwani. Haboba alikuwa ameketi juu ya jiwe, magoti yake yamekataa kabisa, anautazama mto kama mtu anayetazama ukuta. Tahiru alikwisha kujaribu kumbeba, lakini hakuwa na mikono ya vyote viwili, na cherehani ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Uso wake ulikuwa umelowa, si kwa mvua.

Haboba alimwona mkwewe amekuja na nguo yake nyeupe, akaelewa anakokwenda. Akaliangalia jua.

"Pita, mwanangu," alisema. "Ulimwapia mwanangu mimi nikisikia. Sisi tutalala hapa."

Medina alipita. Ndiyo, alipita, aliingia majini akavuka upande wa nyumbani, akawapita hatua chache, njia iko mbele yake nyeupe. Alimkumbuka Umaru amemshika mkono. Akamkumbuka vile vile Umaru anasema kwa sauti ya chini, ilirudi imejaa. Mikono yake ilikuwa mitupu, hata kikapu kilikuwa kimebaki kwa Léontine. Ni yeye peke yake katika watu wote bondeni humo aliyekuwa hana mzigo. Akasimama pale akimkasirikia mumewe kwa mara nyingine, maana marehemu alikuwa amemwachia maneno mawili yasiyokaa chumba kimoja, kisha akageuka.

Alichutama mbele ya jiwe, akatandua mtandio wake.

"Panda, Haboba."

Akamfunga mgongoni kama wanavyofungwa watoto. Bibi kizee hakuwa mzito. Uzito ulikuwa wa maji. Walipofika katikati yalimpiga Medina mpaka kiunoni, na Tahiru nyuma yake akayumba, cherehani ikamvuta shingo upande. Medina akamwambia bila kugeuka kwamba wenye matembezi hawabebi cherehani. Tahiru akasimama kidogo ndani ya maji. Kisha akaiteremsha, akaiachia maji, na mikono yake miwili ikaja kumshika mama yake kwa nyuma. Wakatoka hivyo.

Nyuma yao kulikuwa na wengine wamekwama ukingoni: mjamzito mmoja, mzee Loro asiyeona, watoto wadogo ambao maji yangewazamisha. Medina alimwacha Haboba kwa Tahiru akarudi. Akavusha mmoja, akarudi tena. Kila alipofika upande ule njia ya nyumbani ilikuwa pale pale mbele ya miguu yake, na kila mara alichukua mtu akageuka. Aliacha kuangalia jua. Mara ya mwisho alipotoka majini, mtoto wa mtu shingoni, alijikuta hauoni vizuri uso wa Tahiru anayempokea.

"Shemeji," alisema Tahiru, "jua limezama."

"Najua."

Wakapanda kilima pamoja, Tahiru na mama yake mgongoni, Medina nyuma akimshikilia. Hawah alipowaona alikaa chini njiani akalia. Nyumba ya Léontine ilikuwa imejaa watu mpaka jikoni, lakini kulikuwa na kijistoo cha mahindi nyuma, nacho hakikuwa na mlango. Tahiru akakitazama. Akamwomba Léontine magunia matupu. Halafu akapapasa kwenye kola ya shati lake, mahali ambapo kila fundi huchomeka sindano yake, akaitoa. Hiyo ndiyo iliyobaki. Akaketi karibu na moto akayashona magunia kwa mkono, mshono kwa mshono, akayatundika mlangoni yakawa pazia. Ndipo akamkumbusha shemeji yake lile neno la pili la shehe, kwamba penye hatari eda huhama na mtu wake. Akampa mkono. Hakumtania.

Medina aliingia, akaketi juu ya mahindi. Nguo yake nyeupe ilikuwa ya tope tupu. Alifungua ile ncha, akautoa ufunguo, akaushika, na kwa mara ya kwanza toka mumewe azikwe machozi yakamjia yenyewe, mengi, bila hasira ndani yake.

"Umaru," alisema, "leo mimi nimechelewa."